Meko ya Ghorofa ya Juu

Kazi yetu ni kuigiza katika mji wa makumbusho: tukishavaa sare za askari wa Mfalme wa Ufaransa, mwaka kwetu ni 1744 mpaka saa kumi na moja jioni. Simu hakuna, Kanada haipo, na kila anayefika langoni tunamwita jasusi wa Waingereza. Wageni hucheka. Mgeni mmoja, Bibi Effie, hakucheka.

"Wewe mtoto wa nani?" aliniuliza, kama wanavyouliza wazee wote wa kisiwa chetu cha Cape Breton.

"Wa Léandre Boudrot, mama." Swali hilo halikwepeki, hata mwaka 1744.

"Basi baba yako alifanya kazi ya ujenzi hapa na mume wangu. Nipeleke juu, nyumba ya gavana. Nataka kuona meko aliyojenga Murdoch wangu. Nina miaka themanini na minne, na kesho binti yangu ananihamishia Alberta, upande wa pili wa nchi; sidhani kama nitarudi."

Ghorofa ya juu wageni hawaruhusiwi. Ngazi ni nyembamba, na mkuu wetu wa kazi hana mchezo. Nikajificha nyuma ya sare: "Juu hapandi mtu ila watu wa nyumba."

Akanitazama kutoka kofia hadi viatu, akaondoka. Nikajiona mjanja.

Nusu saa haikuisha, akarudi amevaa kofia ya kitambaa, aproni na sketi nzito ya sufu, amekumbatia kuni. Fundi wetu wa nguo ni binamu yake. Huku kila mtu ni binamu wa mtu.

"Mimi mtumishi wa gavana," akasema. "Pisha, chumba kina baridi."

"Mama, una miaka themanini na minne."

"Na wewe una bunduki isiyo na risasi. Pisha."

Nikapisha. Nilitaka kumpokea kuni, akakataa. Alipumzika mara tatu njiani, mimi nyuma yake, roho mkononi.

Kule juu aliweka kuni chini, akapeleka mkono moja kwa moja kwenye kishimo kilicho ubavuni mwa meko. Nikamweleza kwamba Wafaransa walihifadhia chumvi humo.

"Chumvi gani? Hapa ni pa kopo la chakula cha kazini. Migodi ilipofungwa, wachimba makaa walifundishwa uashi, wakaujenga mji huu upya kutoka kwenye magofu. Murdoch alikaa chini ya ardhi miaka ishirini. Hakuweza kujenga ukuta bila kuacha mahali pa kopo lake, panya wasilifikie. Nyumba ya Wafaransa haikuwa na kishimo hiki; alilionea haya kosa hilo mpaka anakufa." Akajifuta macho kwa aproni. "Na jina lake sijaliona popote hapa."

Niliona aibu, maana hata jina la baba yangu sikuwahi kuwatajia wageni.

Tulishuka polepole. Chini tulikuta kundi la wageni, na mkuu wetu kasimama mlangoni, anaangalia ile aproni. Mgeni mmoja akaniuliza nani aliijenga nyumba hii. Jibu letu ni moja siku zote: Mfalme.

"Murdoch MacAskill," nikasema, "mchimba makaa wa New Waterford. Huyu hapa ni mke wake."