Shanga za Mkono wa Kushoto

Mimi sijawahi kumfanyia mtu kazi ya bure. Uliza mtu yeyote wa barazani pale karibu na msikiti, Kitale; hata maji ya kunywa nitakuletea baada ya wewe kunisifu kwanza.

Basi tuseme kwamba adhuhuri zile za mwaka 2004, nilipokuwa nikiinamia sinia ya shanga za vitambaa za dada yangu, nikizifungua moja moja na kuzikunja upya kabla hajarudi kutoka kuswali, nilikuwa najipumzisha tu.

Dada yangu ni Shamira, fundi wa kushona. Mapema mwaka huo kishikio cha pasi ya makaa kilifyatuka, pasi ikaachama, na makaa yakamwagikia mkono wake wa kulia. Ngozi ilipona. Vidole vilibaki vimejikunja kama jani la mgomba lililopitiwa na moto. Cherehani ikafunikwa shuka nyeupe. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina shughuli, kwa hivyo nilikuwa na nafasi ya kuitazama ile shuka na kuifanyia mzaha.

"Maiti wako ameamkaje leo?"

"Amesema ukafagie," alijibu Shamira, na siku nyingine alicheka.

Shanga alizianza mwenyewe. Chini ya cherehani kulikuwa na gunia la mabaki: vitenge, sare za shule, satini ya bibi arusi aliyeghairi. Unakata utepe mrefu, ukingo mmoja umenyooka, mwingine umekatwa mshazari, hadi mwisho uwe mwembamba kama mkia wa panya. Unapaka gundi ya unga wa ngano, unauzungusha kwenye spoku ya baiskeli kuanzia upande mpana, unachomoa spoku, unaanika. Jioni, vanishi. Mtu wa mikono miwili hufanya hayo huku akisengenya majirani. Shamira alibana spoku kwa magoti na kuzungusha kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Za kwanza zililegea, zikafunguka zenyewe juani. Niliziita maua. Hakucheka.

Kisha akapita Mama Agneta, mwenye duka la sare kule Bungoma, aliyekuwa amekuja mjini kutafuta vifungo. Aliokota ushanga mmoja, akaugeuza.

"Mimi niko na magunia ya vipande, mami, panya tu ndio wanafurahia. Nataka mtu wa kukaa na mimi afanye hii kazi. Lakini nataka mkono, si huruma. Niletee za kutosha kabla shule zifunguliwe, nione."

Siku hiyo Shamira alikata tepe hadi makasi yakapata moto. Mzee Hashim, mwenye baraza alikoshonea, alikuwa ameshauliza mara mbili cherehani ile itaondoka lini. Mkono ukishindwa, kulikuwa na shangazi yetu wa kijijini Endebess aliyemtayarishia kitanda, akae tu huko, ahesabiwe pamoja na ng'ombe.

Ndipo nikaanza. Adhana ya adhuhuri ikilia, Shamira anaondoka. Mimi nasema nitaswali nyumbani. Gundi ya asubuhi bado mbichi. Nafungua, nakunja, nakaza, narudisha kwenye sinia palepale ilipokuwa. Nilipata wepesi wa kunishangaza. Jirani yetu, Fridah msusi, aliona yote, mikono yake imezama katika kichwa cha mteja.

"Wewe Nasro, hii kitu itakurudia, bana."

"Suka hicho kichwa kabla hakijaota mvi."

Jioni Shamira alizileta shanga karibu na taa, akazisugua kwa kidole gumba.

"Hizi ni zangu?"

"Za nani tena? Za majini?"

"Mkono unaniambia kitu kingine, macho kitu kingine."

Nilimwambia asikilize macho, yana elimu zaidi. Nilijiona nimesema jambo.

Bungoma tulienda watatu. Fridah alikuwa anakwenda kuwaona wazazi wake. Mama Agneta alizimwaga shanga juu ya kaunta, zikatawanyika kwa sauti ya mvua ndogo. Alizipanga kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akavuta kipande cha sare ya kijani, akakata utepe, akamsukumia Shamira pamoja na spoku.

"Kunja moja nikuone."

"Mama, safari imemchosha," nikaingilia. "Mkono ukichoka unavimba. Labda kesho."

Shamira alikuwa ameshaketi, spoku katikati ya magoti. Hakutoa ulimi. Alizungusha polepole, akakaza, akabonyeza mkia, akachomoa. Ulikuwa ushanga mzima, umekaza kama nundu ya ng'ombe. Akauweka kando ya zile nyingine.

Hapo hata mimi niliona. Katika ule wa kijani, mstari wa ukingo ulipanda kuelekea kushoto. Katika zote nyingine, kaunta nzima, ulipanda kuelekea kulia, upande wa mkono wangu.

Mama Agneta alichukua mmoja wa huku na mmoja wa kule.

"Huu ni mzuri sana. Sasa hizi zingine ni za nani?"

"Ni zake," nikasema. "Ni baridi ya Kitale, Mama. Kule hata kamba hujipinda upande mwingine."

Hakuna aliyecheka. Fridah alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa ndizi, nilidhani ameshakwenda.

"Si useme tu, Nasro. Ulikuwa unafungua na kukunja kila siku akienda kuswali. Mwanzo ni sawa, zilikuwa mbaya, hata mimi ningefungua. Lakini baadaye zilikuwa nzuri kama hiyo. Wewe ulikuwa hata huziangalii. Unafungua tu."

Nilitafuta la kusema, na nilikuwa nalo, tena la kuchekesha.

Shamira hakunitazama. Aligeuka kitini, mkono wa kushoto bado umeshika spoku, akamwuliza Fridah kwa upole:

"Nzuri tangu lini?"