Samahani za Mpiga Pasi

Pasi ya meza ya tatu ilikuwa na wazimu wake. Ikiamua kupanda moto inapanda bila kuuliza, na shati la mtu linabaki na alama ya kahawia yenye umbo la ulimi. Msimamizi wa duka la dobi aliijua tabia hiyo kuliko yeyote, maana ndiye aliyeuzungushia waya wake utepe badala ya kuubadilisha. Hata hivyo, shati likiungua, alimwita mpiga pasi wa meza hiyo mbele ya mwenye shati, akamwekea kiganja kisogoni na kumwinamisha.

"Omba msamaha, dada."

"Samahani, bosi. Samahani sana. Samahani."

Alishazoea. Hata milango aliyoigonga aliiomba samahani, na watu waliomkanyaga. Wifi yake, waliyekaa naye nyumba moja, ndiye aliyechoka akamtuma kwenye mazoezi ya judo, katika ukumbi ulio nyuma ya kituo cha mafuta.

"Nenda kajifunze kuangusha watu," alimwambia. "Ukianza na mimi nitafurahi."

Kocha alikuwa mama mfupi, mpana, muuza mayai. Hakumfundisha kuangusha mtu. Alimfundisha kuanguka.

"Kidevu kifuani. Mkono upige mkeka. Haya."

Mpiga pasi akaanguka. Samahani moja ikamtoka kinywani, ikadunda mkekani. Ilikuwa ya kijivu, ndogo kama kokoto, ina joto kidogo.

"Samahani, Mwalimu," akasema, na nyingine ikatoka.

"Ukimaliza uzoe," alisema kocha. "Mkeka si wako peke yako."

Hakuna aliyegeuka kutazama. Kila mtu pale aliangusha chake. Dereva wa lori aliangusha visingizio, na vilikuwa virefu, vikawa vinawakwaza wenzake.

Basi kila jioni mpiga pasi aliangushwa, akainuka, akafagia. Mwanzoni ndoo ilijaa. Halafu zikaanza kutoka za zamani, ngumu, za utotoni. Ya mwisho kabisa ilikuwa ile aliyoiomba kwenye msiba wa mama yake, alipoambiwa analia kwa sauti kubwa mno. Hiyo kocha aliiokota mwenyewe, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, wala hakuitia kwenye ndoo.

"Sasa njoo nikufundishe kumwangusha mtu," alisema. "Usimvute. Akija mwenyewe, mpishe, halafu umlaze taratibu kama mtoto aliyesinzia."

Haukupita muda, pasi ya meza ya tatu ikapanda moto juu ya shati jeupe la mhasibu mmoja. Msimamizi akaita. Kiganja kikatua kisogoni.

"Omba msamaha, dada."

Mpiga pasi akatafuta. Akapitisha ulimi shavu hili na shavu lile. Hamna kitu.

"Zimeisha," alisema.

"Nini zimeisha? Unanifanyia mzaha?"

"Zimeisha, kaka. Pasi ni mbovu, na wewe unajua."

Kiganja kikasukuma. Akakipisha. Msimamizi akapita juu ya nyonga yake kama shuka linalokung'utwa, akalala chali kwenye lundo la taulo safi, mzima wa afya.

"Mkunje!" mtu alipiga kelele kutoka meza ya mwisho. "Mkunje kabla hajapoa!"

Wapiga pasi wote wakacheka, na mvuke ukajaa chumba. Kinywani mwa msimamizi ikadondoka samahani moja. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, haijawahi kutumika. Ikabingirika hadi kwenye kiatu cha mhasibu, ikasimama. Wakasubiri. Msimamizi akainuka, akaiokota, akaigeuzageuza, akaitia mfukoni na kufunga kifungo.

Waya haukubadilishwa. Mpiga pasi alihamishiwa meza ya kwanza, mbali na mkono wa msimamizi, na meza ya tatu akapewa binti mgeni. Kesho yake shati liliungua hata chai haijanywewa. Binti akaitwa, akainamishwa, akaomba samahani mpaka sauti ikakauka.

Jioni mpiga pasi alisimama mezani kwa binti, mgongo wima kama ubao.

"Mdogo wangu, kwenu kuna ndoo?"

"Ipo, dada. Ndogo ya kuogea."

"Hiyo haitoshi," alisema mpiga pasi. "Twende ukumbini, nitakuazima yangu. Siku hizi iko tupu."