Mwaka Nilioangukiwa Tena na Mmarekani

Nilipoingiza mkono kwenye sufuria ya kura nilikuwa nimeshafumba macho na kumwomba Mtakatifu Antonio anipe Mhispania. Muajentina pia ningempokea kwa mikono miwili. Hata Mfaransa, ingawa Wafaransa huwa wanaisema vibaya kahawa yangu. Nikatoa kikaratasi, nikakifungua, baa nzima ya klabu ikanigeukia, nikasoma: Corbin Haugland, Marekani.

Mama yangu wee! Kicheko kilicholipuka humo ndani kilimwamsha mbwa wa jirani.

"Pole, wifi," akasema Vanda, akinipigapiga bega kwa vidole vyenye pete. Vanda ni dada wa mume wangu. Yeye alikuwa ameshatoa kikaratasi chake, na bila shaka alikuwa amepata Muajentina, kijana anaitwa Ledesma, kwa sababu Vanda kila Mei hupata Muajentina. "Angalau Jumanne jioni utakuwa umeshapumzika."

Hapa Castel Merlo wachezaji wanaokuja kwenye mashindano yetu ya tenisi si wale wa kwenye televisheni. Hawana fedha za hoteli, kwa hiyo wanalala majumbani kwetu, tunawalisha, tunawafulia soksi. Na tuna desturi moja ambayo sijui ni shetani gani aliyeibuni: mchezaji akishindwa, mwenyeji wake ndiye anayeshuka uwanjani, mbele ya mji mzima, kukokota jamvi la kusawazisha udongo. Watu wanapiga makofi ya kejeli, wanaimba, wanakutupia maganda ya karanga. Mimi, Nives, nimekokota jamvi lile kila mwaka tangu nianze kupokea wageni. Wageni wangu wanawasili Jumamosi, wanashindwa mechi ya kwanza Jumanne, na Jumatano asubuhi nawafungia mkate wa njiani. Vanda hajaligusa jamvi hata siku moja, na kila akija kwangu kula hachoki kunikumbusha.

Haikuwa hivi zamani. Juu ya kaunta ya baa kuna picha ya Mmarekani mwenye nywele ndefu na kaptula fupi ya aibu, amebeba kombe letu. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia jinsi jamaa wale walivyokuja hapa wakatuchapa, wakala, wakacheza dansi na dada zetu, wakaondoka. Miaka ile hata mashindano yao makubwa ya kwao yalichezwa kwenye udongo kwa muda. Sasa wanakulia kwenye saruji. Wanapiga mpira kwa nguvu za kubomoa ukuta, halafu wanashangaa udongo wetu unainyonya kasi yote na mpira unarudi. Wanapiga tena, unarudi tena. Mpaka saa moja ipite ulimi uko nje.

"Mmarekani kwenye udongo," husema Oreste, mwenyekiti wa klabu, "ni paka ndani ya beseni la maji."

Basi paka wangu akawasili na mabegi mawili. Mrefu, amepinda kidogo shingo kwa kuinama milangoni maisha yake yote, ana miaka thelathini na kitu, na Kiitaliano cha kuokoteza. Alipotaka kuingia sebuleni nikapiga ukelele.

"Simama hapohapo! Viatu!"

Akavua. Akanyanyua mguu aingie.

"Na vitambaa je?"

Nyumbani kwangu sakafu inapigwa nta kila Ijumaa, na hakuna anayeikanyaga, awe padri au mkaguzi wa gesi. Mlangoni kuna vitambaa vinene vya sufu. Unaweka mguu juu ya kila kimoja, na unateleza. Mama yangu alifanya hivyo, bibi yangu alifanya hivyo, na Gino mume wangu ameteleza kwenda kunywa maji kwa miaka yote ya ndoa yetu bila kulalamika, au basi bila kulalamika kwa sauti.

Corbin aliteleza hatua moja akaukumbatia mlango wa kabati. Ya pili, akaketi chini. Gino alicheka mpaka akaomba kiti.

"Usikanyage kama askari," nikamwambia. "Legeza goti. Anza kuteleza kabla hujafika, siyo ukishafika. Ukingoja ufike ndipo usimame, utaingia na pua kwenye oveni yangu."

Jumapili mvua ikanyesha kutwa, mazoezi yakafutwa, na mtu mzima yule akashinda nyumbani akiteleza kutoka chooni hadi jikoni. Mwanzoni kwa kukosa jinsi, baadaye kwa utamu. Jioni alitoka bafuni kwa msukumo mmoja, akapita ukumbini mkono umenyooka, akasimama mezani sawia na kuchukua kikombe cha kahawa bila kumwaga tone. Sisi tukapiga makofi. Akainama kama mwigizaji.

Wakati wa kula tambi ndipo akatuambia. Hajawahi kushinda mechi hata moja kwenye udongo huku Ulaya. Kila Mei anakuja, kila Mei anashindwa ya kwanza. Baba yake anafuatilia matokeo kwenye simu kule Nebraska, na siku hizi hata haulizi tena, anamtumia tu hali ya hewa ya nyumbani.

"Moja tu, mama Nives," akasema. "Nishinde moja, nirudi nimeinua kichwa. Hii ni safari yangu ya mwisho."

Nikamwongezea tambi. Nilikuwa nimeingia kwenye mashindano haya nikifikiria jamvi na Vanda tu, na sasa moyo ukanishika kwa ajili ya jitu hili lenye mchuzi kidevuni.

Jumatatu wakabandika ratiba. Mechi ya kwanza ya Corbin: Ledesma. Muajentina wa Vanda!

"Wifi," akanipigia simu hapohapo, "nikuletee glavu za kukokotea? Kamba inachuna viganja, lakini wewe unajua kuliko mimi."

"Njoo nazo," nikamwambia. "Utazihitaji."

Nilikata simu nikaketi kwenye ngazi.

Jumanne mji wote ulikuwa pale. Vanda alivaa suruali nyeupe, nyeupe pepepe, ili kila mtu aelewe kwamba hakuja kushika udongo. Mwamuzi alikuwa Learco, daktari wetu wa meno, juu ya kiti chake kirefu.

Seti ya kwanza sitaki kuizungumzia. Corbin alikimbia kama yuko kwenye saruji: anafika kwenye mpira, anakanyaga breki, miguu inamkimbia, anaanguka. Ledesma alikuwa akimtuma kushoto, akimtuma kulia, bila haraka, kijana mpole kabisa anayekuua huku anatabasamu. Nyuma yangu wakaanza kuuimba wimbo wa jamvi. Vanda alikuwa akila aiskrimu.

Seti ya pili ikaanza vilevile, na Corbin akaanguka tena, goti jekundu, shati jekundu, hata sikio jekundu. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama juu ya benchi.

"Corbin! Umekanyaga sakafu yangu! Nimepiga nta! TELEZA!"

Uwanja mzima ukageuka kuniangalia. Learco akanionya kwa kidole. Lakini Corbin alikuwa ameniangalia, na nikaona uso wake unafunguka. Akacheka! Katikati ya kipigo, akacheka kwa sauti.

Mpira uliofuata ulikwenda pembeni kabisa. Akalegeza goti, akaanza kuteleza mapema, hatua mbili kabla, udongo ukaimba chini ya viatu vyake, akafika sawia akiwa amesimama, akaurudisha kwenye kona. Ledesma hakuusogelea hata. Gino akanishika mkono.

"Umeona? Hiyo ni kutoka chooni hadi jikoni!"

Kuanzia hapo mji ulipandwa na wazimu. Corbin aliteleza kulia, akateleza kushoto, akateleza hata pale pasipohitajika, kwa raha zake. Akaichukua seti ya pili. Watu waliokuwa wakiuimba wimbo wa jamvi sasa walikuwa wakipiga kelele "Nta! Nta!" bila hata kujua maana yake. Oreste akakanusha kwamba amewahi kusema lolote kuhusu paka. Vanda aiskrimu ilimyeyukia mkononi.

Seti ya tatu walikwenda bega kwa bega, halafu, Mungu wangu, pointi ya mechi ikawa ya Corbin. Wakapigana mpira ule mpaka nikasahau kupumua. Ledesma akausukuma mrefu, ukatua kule nyuma karibu na mstari, upande wetu, Learco akapaza sauti: "Nje!"

Sikumbuki kuruka uzio. Gino anasema niliuruka kama mbuzi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimemning'inia Corbin shingoni nikilia na kumbusu sikio lile lenye udongo, kisha nikageuka.

Ledesma alikuwa anakuja taratibu, raketi imeelekezwa chini. "Daktari, tafadhali. Shuka uangalie alama."

Ni haki yake. Udongo unaandika kila kitu. Mpira ukitua, unaacha alama, na mwamuzi anashuka kuisoma. Learco akashuka. Akatembea hadi kwenye mstari. Akainama, akainuka, akavua miwani.

"Nives," akasema. "Nyanyua mguu."

Nikaangalia chini. Pale alama ilipokuwa palikuwa na soli ya kiatu changu, kisigino na vidole, imechapika safi kabisa.

Mimi! Niliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka uwanjani! Hapa mtoto anafundishwa kutokanyaga alama kabla ya kufundishwa ishara ya msalaba. Gino alijifunika uso kwa kofia.

"Amefuta!" Vanda alikuwa ameshafika uzioni. "Amefuta alama! Anayefuta alama amekubali kwamba mpira ulikuwa ndani! Pointi ni yetu!"

"Hiyo ni kwa mchezaji, wifi! Mimi nimeshika raketi hapa?"

"Mwenyeji ni upande wa mchezaji!"

"Basi na wewe uvae kaptula ucheze!"

Mji ukagawanyika hapohapo, kila mmoja akawa mwanasheria. Padri alisema hivi, mwoka mikate akasema vile. Learco akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka: pointi irudiwe, na Nives arudi kwenye benchi lake ashikwe na watu wawili.

Nilitaka ardhi inimeze. Mechi yake moja tu maishani, naye alikuwa ameishika mkononi, nikaja mimi na viatu vyangu. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe."

Akanipangusa machozi kwa kitambaa chake cha mkononi, nacho kikanipaka matope uso mzima. "Nenda ukakae, mama Nives. Nitaishinda tena."

Nikashikwa, Gino kulia, mwoka mikate kushoto. Wakaanza. Mpira ukaenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi, na ghafla yule mpole Ledesma akaudokoa kidogo tu, laini, ukadondoka nyuma kidogo ya wavu. Corbin alikuwa huko nyuma kabisa, karibu na maua. Watu wakashusha pumzi, imekwisha. Lakini yeye alikuwa ameshaondoka. Alikimbia, akalegeza goti, akaanza kuteleza mbali kiasi kwamba nikafumba macho, mkono umenyooka mbele, akaufikia mpira kiganja kimoja kutoka ardhini, akauinua juu ya wavu kwa upole wa mtu anayechukua kikombe mezani. Ukadunda mara mbili kabla Ledesma hajaufikia. Akasimama, pua karibu iguse wavu, bila kuugusa.

Hakuna aliyeomba kuangalia alama.

Sitasimulia kelele. Kengele za kanisa ziligongwa, na padri mpaka leo anasema ni kijana wa sakristia. Corbin aliketi kwenye udongo, simu sikioni, akisema neno moja tu la kwao tena na tena, na kwenye simu nilisikia sauti ya mzee akicheka au akilia.

Halafu mji ukaanza: "Van-da! Van-da!"

Alishuka. Namheshimu kwa hilo, alishuka na suruali yake nyeupe, akaichukua kamba, na maganda ya karanga yakamnyeshea. Nikajikalia kwenye benchi langu, nikakunja mikono, nikajitayarisha kuonja utamu niliousubiri miaka yote. Akaanza kukokota. Na akaanzia katikati! Katikati, jamani, kama anayefagia jikoni! Jamvi linakwenda upogo, linaacha matuta, linaburuta udongo wote kwenye mstari. Nikavumilia raundi moja. Nikavumilia nusu ya pili.

Nikaruka uzio mara ya pili siku ile.

"Lete hiyo kamba!"

"Umeshinda, wifi, kakae!" akafoka, jasho linamtiririka. "Niache niaibike kwa amani!"

"Nikae vipi unaniharibia uwanja? Unaanzia pembeni, unazunguka, unamalizia kati. Shika upande huu. Polepole!"

Watu wakaangua kicheko, Nives anakokota tena, hata akishinda anakokota! Wacheke. Nilikuwa nacheka pia, mbavu zinauma, uso una matope, wifi yangu ananikanyaga visigino na kunitukana chini chini.

"Sasa uangalifu wote huu wa nini," akahema, kwa mazoea ya miaka yote, "mashindano yako si yamekwisha, kama kila Jumanne?"

"Yamekwisha wapi!" nikamwambia. Maneno yale sikuwahi kuyatamka maishani mwangu. "Vuta vizuri, Vanda. Mgeni wangu anacheza hapa kesho."