Fisi Anayekula Kwanza

Asubuhi ya siku ya kumi na nane tangu Weris ajifungue, Ebla alitoka kwenda kutawadha akakuta nyayo za fisi mbele ya mlango wa mzazi. Si nyayo za kupita. Mnyama alikuwa ameizunguka nyumba mara mbili, kisha akakaa, kwa kuwa mchanga ulikuwa umebonyea pale alipoweka makalio, hatua sita tu kutoka kwenye mkeka ambao nyuma yake mjukuu wa Ebla alikuwa amelala. Boma la miiba lilikuwa na tundu chini, limechimbwa taratibu na mchimbaji asiye na haraka. Birika likamponyoka Ebla mkononi.

"Hooyo, kuna nini?" Weris, bintiye, aliuliza kutoka ndani.

"Hakuna kitu, mwanangu. Lala."

Akazifuta zile nyayo kwa mguu, akaenda moja kwa moja kwa Kerrow, ndugu wa marehemu mumewe, mkubwa wa zile nyumba sita zilizokaa pamoja kwenye nyika ya Ijara.

Ilikuwa mwaka 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimeigeuza nchi yote kuwa dimbwi, na nyuma ya mvua ikaingia homa iliyoangusha ng'ombe na mbuzi kwa mamia. Watu walilia, fisi wakanenepa. Kwa miezi mitatu fisi hawakuwinda. Walichagua mizoga kama mteja mwenye pesa anavyochagua nyama buchani. Sasa mizoga ilikuwa imekwisha na njaa imelirudia kundi. Wiki iliyopita walikuwa wamechukua ndama mchana kweupe. Juzi walimfuata jirani yao Faduma alipokwenda kuokota kuni, mpaka akapanda mti na kukaa huko hadi alasiri.

"Tuhame leo," Ebla alisema. "Masalani ni mwendo wa siku moja. Kule kuna watu wengi. Fisi amekaa mlangoni kwa Weris, Kerrow. Amekaa! Anamngoja mtoto."

Kerrow hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukata shauri upesi, na akishalikata halirudishi, ugonjwa ambao dawa yake ni adimu. "Mzazi wa siku kumi na nane umpandishe punda?" alisema. "Arobaini haijafika hata nusu. Akivuja damu njiani nitamwambia nini Abdirahim?" Abdirahim, mume wa Weris, alikuwa amekwenda Garissa kutafuta kibarua. "Hatuhami. Tutamuua mama yao. Kundi likikosa mama hutawanyika."

Kerrow alikuwa polisi wa akiba na alikuwa na bunduki ya serikali. Risasi zilizobaki zilikuwa mbili. Nyingine alizimaliza hewani, akiwatisha fisi ambao baada ya siku chache walizoea ule mlio kama wanavyozoea radi.

Alasiri ileile wanaume waliburuta mzoga wa punda hadi mahali peupe, wakajificha nyuma ya miiba. Ebla aliwapelekea chai, na alipoambiwa arudi akajifanya hakusikia. Haukupita muda, fisi wakatokea mmoja mmoja, wakinusa upepo. Walikuwa tisa.

Wa kwanza kuufikia mzoga alikuwa fisi mkubwa mwenye sikio lililochanika. Alikula peke yake, akavuta utumbo, akavunja mfupa, na wengine wakamsubiri vichwa vikiwa chini. Aliposogea kidogo wakaingia waliomfuata kwa cheo. Pembeni kabisa alibaki mmoja, mwembamba, mkia kati ya miguu, akisubiri mabaki.

"Yule pale," Kerrow alinong'ona, akimwelekezea bunduki yule mwembamba. "Huyo ndiye mama."

"Umejuaje?" aliuliza Bare, kijana wa nyumba ya tatu.

"Anakula mwisho. Kwani mama yako hula lini?"

Katika nyumba zote sita wanaume walikula kwanza, kisha watoto, na mama akakomba sufuria. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo likienda vingine, na kwa hiyo hakuna aliyedhani kuwa huko porini lingeweza kwenda vingine.

Ebla alidhani, kwa sababu aliwahi kuambiwa. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa mpishi wa Abshiro, binti wa Garissa mjini aliyesoma chuo kikuu akaja kukaa viangazi viwili ndani ya gari, akitazama fisi kwa darubini na kuwaandika kwenye daftari. Mwanzoni Ebla alimwona mwendawazimu. Baadaye, jioni wakinywa chai, alianza kumsikiliza. Abshiro alisema kwa fisi jike ndiye mwenye amri. Dume akikua huacha kwao, akaenda kuomba hifadhi kwenye kundi la wageni, na huko huwa chini ya kila jike na kila mtoto wa jike. Alisema mzoga ni vita, na katika vita hivyo mama mpole hurudi pangoni bila maziwa. Watoto wake hufa, na upole wake hufa pamoja nao. Vizazi kwa vizazi, maelfu na maelfu, wakabaki watoto wa mama wakali. Hata maumbile yao yakafanana na ya dume, ukimtazama kwa mbali huwezi kujua. Ebla alisema Mungu ndiye anayejua alivyoumba, na Abshiro akasema sawa, yeye anaandika tu anachokiona.

"Kerrow," Ebla alinong'ona sasa. "Mama ni yule wa sikio. Mtazame tumboni, ana ziwa limejaa."

"Yule ni dume, we mwanamke. Sote tumeona alicho nacho."

"Fisi wote wanacho! Wallahi, nakuapia, ukimuua huyo wa pembeni umeua mpangaji tu, dume la kuja."

Bare alicheka. Kerrow hakucheka. Alifyatua, na yule mwembamba akaanguka bila kupiga hatua.

Usiku ule na uliofuata nyika ilikaa kimya. Watu walilala. Faduma alikwenda kuokota kuni akiimba. Asubuhi ya siku ya ishirini Bare na vijana wenzake waliwapeleka ng'ombe waliobaki kwenye malisho ya mbali, na Kerrow akawa anatembea kati ya nyumba kama bwana harusi. Ebla peke yake hakulala. Alikaa mlangoni kwa Weris na panga mapajani, akisikiliza mtoto akinyonya, na kila alipofumba macho aliona lile sikio lililochanika.

Fisi walirudi siku ya ishirini na moja, jua likiwa limechomoza tu, ukungu wa mvua za Aprili ukiwa bado chini. Ebla aliona tawi la mwiba likisogea kwenye boma bila upepo. Kisha akaona meno yaliyolishika. Yule wa sikio alikuwa analivuta kinyumenyume, kwa utulivu, na nyuma yake vichwa saba vilikuwa vinangoja njia ipatikane.

"Kerrow!" Sauti ilitoka nyembamba, si yake. "Kerrow, bunduki!"

Ndani mtoto alianza kulia. Fisi aliacha tawi, akainua kichwa kuelekea kilio kile. Ebla angeweza kurusha panga. Lakini akishalirusha mkono utabaki mtupu. Akili ikamwendea pale palipokuwa na mbuzi wake mweupe, wa pekee aliyebaki na maziwa, amefungwa kwenye kigingi. Akamkata kamba, akamburuta kwa pembe, akamsukumiza kwenye lile tundu.

Yule wa sikio alimdaka kabla hajasimama. Ebla alifumba macho, lakini masikio hayafumbi. Alipoyafumbua, mama fisi alikuwa anakula peke yake, na wale saba wamemzunguka wakisubiri. Hakuna hata mmoja aliyetazama nyumba. Zamu yao ilikuwa haijafika.

Kerrow alifika akiwa na kikoi tu, bunduki mkononi, risasi moja ndani yake. Ncha ya bunduki ikamwendea aliyekuwa pembeni.

"Yupi?" aliuliza. Hakuwahi kumuuliza Ebla kitu.

"Anayekula."

Ncha ikarudi katikati. Mlio ulipotoka, yule wa sikio alilala juu ya mbuzi, miguu ikikuna mchanga, na maziwa yakamtoka tumboni yakachanganyika na damu. Kerrow aliyaona.

Wengine walikimbia hatua hamsini hivi, wakasimama. Halafu mmoja alirudi. Alikuwa jike mdogo, hajakomaa, mabaka yake bado meusi. Alipita katikati ya wakubwa wake, na mmoja baada ya mwingine wakainamisha vichwa wakampisha. Akaja mpaka kwenye mbuzi, akamnusa mama yake mara moja, akaanza kula.

Abshiro alikuwa amesema hilo pia, na Ebla alikuwa amelisahau: mama akifa, binti yake mdogo aliyekwisha acha ziwa ndiye hukalia nafasi, na kundi halitawanyiki.

"Hawaondoki," Kerrow alisema. Alivuta komeo la bunduki, ikalia tupu. "Ebla, mbona hawaondoki?"

"Funga punda."

Kerrow aliwafunga yeye mwenyewe, na hakuna aliyetaja arobaini. Walimweka Weris juu ya mikeka, mtoto kifuani, wakatoka kwa upande wa pili kundi likiwa bado linapeana zamu. Njia ya Masalani ilipita kando ya kichuguu kikubwa. Hapo mtoto alilia, kilio chembamba cha njaa, na kutoka kwenye shimo chini ya kichuguu vikatokea vichwa viwili vidogo vyeusi vya watoto wa fisi. Havikukimbia. Vilimtazama Weris, vikaanza kulia pia.

"Vinataka nini?" Weris aliuliza.

"Vimesikia mtoto analilia ziwa, vinadhani mama yao amerudi," Ebla alisema. "Mnyonyeshe wako, mwanangu, upesi, anyamaze."

"Na hivi?"

Ebla alikumbuka maneno ya Abshiro. Kwa fisi kila mama hunyonyesha wake tu. Mtoto wa mwingine humfukuza kwa meno. Weris alifungua shuka akampa mwanawe ziwa, na yule mtoto wa binadamu akanyamaza. Wale wawili hawakunyamaza. Ebla alimchapa punda kwa nguvu zaidi, akamchapa tena, kwa kuwa kilio kile kilikuwa kinaita kundi zima lije njia hii.