Diski ya Leovigildo

Leovigildo hatupi kitu. Nyumbani kwake, hapa mjini kwetu Camajuaní, utakuta mota ya feni ya Kirusi, vifuniko vya mitungi ambayo yenyewe haipo tena, na redio tatu ambazo kwa jumla zinatoa sauti ya redio moja. Kwa hiyo nilipomwomba diski yake ya vifurushi vya programu za Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, nilijua itakuja imejaa pomoni.

Sisi programu hatuzivuti mtandaoni. Kwa mtandao huu wetu wa kusuasua utazeeka ukisubiri. Tunazibeba mkononi. Mtu ananakili bohari nzima ya vifurushi huko Santa Clara, mwingine ananakili kutoka kwake, na diski inatembea nyumba kwa nyumba kama sufuria ya kuazimwa. Nina miaka kumi na tisa ya ufundi wa kompyuta katika benki ya damu na sijui njia nyingine.

Jumanne kompyuta yetu iliungua. Nikaweka diski mpya, nikasimika Linux upya. Orodha ya wachangiaji damu ilikuwa salama katika nakala ya akiba, ila nakala hiyo haifunguki mpaka iwepo programu ya hifadhidata iliyoiandika. Kadi za karatasi zilishaliwa na mchwa zamani.

Alhamisi saa tatu asubuhi Daktari Zoraida akapiga simu kutoka hospitali.

"Idalmis, nina mjamzito wa kupasuliwa saa nane. Damu yake ni O hasi. Nimebaki na chupa moja tu. Nitafutie mtu."

"Nani huyo?"

"Yaneisy. Binti wa Leovigildo."

Leovigildo alikuwa amesimama mbele yangu, diski mkono mmoja, kofia mkono wa pili. Alikuwa ametoka huko huko hospitali. Nikamnyang'anya diski nikaichomeka, nikaiacha kompyuta kwanza isasishe mafaili yake kutoka humo. Umeme wa mtaa wetu ulikuwa umepangiwa kukatwa saa sita.

Nikaagiza hifadhidata isimikwe. Kompyuta ikagoma: programu inataka maktaba yake, yaani mafaili saidizi inayoyategemea, ya toleo la kumi na tatu, lakini iliyokwisha kusimikwa ni ya toleo la kumi na tano, na haziwezi kukaa pamoja.

"Lazimisha," akasema Leovigildo.

"Silazimishi."

"Kuna amri ya kulazimisha, dada. Mimi mwenyewe nimeitumia."

"Ndiyo maana kompyuta yako inapiga kelele kama mbuzi. Nikilazimisha, programu itaingia halafu itaanguka katikati ya kusoma orodha. Hapo utanidai nini?"

"Saa nne hii, Idalmis."

"Naiona saa. Kaa chini, mimina kahawa, acha kunipumulia shingoni."

Akakaa. Hakumimina. Goti lake lilikuwa linatikisa meza yangu nzima, nami nikaliacha, maana ni mtoto wake.

Nikajaribu njia ya pili: basi niachane na toleo la kumi na tatu, nisimike hifadhidata mpya inayolingana na maktaba mpya. Haikuwemo. Maktaba zake zote zimo, yenyewe haimo. Jambo hili lilinikera kuliko kosa lenyewe. Nani anabeba mfuniko akaacha chungu? Nikaanza kusoma majina ya mafaili moja baada ya jingine. Mengine yaliishia na namba kumi na moja, toleo la Linux yetu, mengine kumi na mbili, toleo jipya lililoleta ile maktaba ya kumi na tano, yote katika folda moja. Na yale ya kumi na mbili yalianzia A yakakomea L.

"Leovigildo," nikasema, "hizi ni bohari mbili."

"Bohari gani mbili?"

"Hii ya kumi na mbili umeitoa wapi?"

"Kwa yule jamaa wa Santa Clara. Ilikuwa bado inanakiliwa umeme ukakatika. Nikasema afadhali nusu kuliko patupu. Nikaimwaga humo humo kwenye ile yangu, watu wasikose kitu." Goti likaacha kutikisika. "Ni mimi, basi."

Ningeweza kumfariji. Sikuwa na nafasi. Majina ya maktaba kwa Kiingereza huanza na L, zikapita. Jina la hifadhidata yetu huanza na P, ikabaki gizani Santa Clara.

"Ni wewe. Sasa nipishe nichambue."

Nikahamisha kila faili lenye kumi na mbili kwenye folda ya pembeni, nikaitengeneza upya faharasa ya bohari, yaani orodha ya vilivyomo, kisha nikaiamuru kompyuta irudi kwenye maktaba ya zamani. Ikanionya kwamba itashusha vifurushi vitano kwenye toleo la nyuma.

"Unarudi nyuma?" Leovigildo hakuamini. "Unatoa kipya unaweka kikuukuu?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nikabonyeza ndiyo. Kikashuka cha kwanza, cha pili, vyote vitano. Nikaagiza tena hifadhidata. Ikaingia kimya, bila neno. Saa tano na nusu nikairudishia orodha yetu, na saa tano na dakika arobaini na moja nikaiuliza: O hasi, Camajuaní.

Majina manne. Wa kwanza ameshahamia ng'ambo, Tampa. Wa pili yuko Hispania na wajukuu. Wa tatu ametimiza miaka sabini na moja, hatolewi damu tena. Jina la nne nililisoma mara mbili kabla ya kuigeuza kompyuta ili naye aone.

Eleuterio Pairol. Anakaa mkabala na Leovigildo. Miaka miwili iliyopita Leovigildo alisema mbele ya meza nzima ya domino kwamba Eleuterio anadanganya, anampa mwenzake wa mchezo ishara kwa kukohoa, na tangu siku hiyo hawajapeana hata salamu. Kulingana na orodha, ametoa damu mara ishirini na tatu.

"Mpigie wewe," akasema Leovigildo.

"Simu yake imekufa, na wewe ndiye unayeijua nyumba."

"Idalmis, yule mtu hawezi hata..."

"Mimi nimeshusha vitano," nikamwambia. "Wewe shusha kimoja."

Akavaa kofia. Umeme ulikatika akiwa mlangoni, dakika kadhaa kabla ya muda wake.

Yaliyosemwa kule sikuyasikia. Leovigildo alinisimulia baadaye, na kwa mara ya kwanza hakujisifia. Eleuterio alikuwa barazani anachanganya kete za domino. Leovigildo akavua kofia akasema, "Hukuwa unakohoa kwa hila. Nilikuwa nashindwa tu. Yaneisy anahitaji damu yako."

Eleuterio akafunika kete kwa kitambaa. "Nilikuwa na mafua, bwana," akasema, huku akitafuta viatu vyake. "Miaka miwili nasubiri mtu aniulize."