Hakimu Alipovaa Miwani

Jumamosi, saa kumi alasiri, juu ya meza ya mgahawa mmoja wa Gungu zilikuwapo nakala tatu za riwaya moja, zilizotolewa kopi kwenye duka la steshenari. Mbili zilikuwa safi kama zilivyotoka kwenye mashine. Ya tatu, ya Elikana, ilikuwa imekunjika pembe na ina madoa ya chai.

Asnath, mpima ardhi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Bukoba, aliona tofauti hiyo kabla hajaketi. Kundi la wasomaji lilikuwa wazo lake. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba leo ikibainika hakuna anayesoma ila yeye, atalivunja.

"Tuanze na mwisho," alisema. "Ile hukumu ya mjane na shamba lake la michikichi mmeionaje?"

"Imenigusa," alisema Gasper, mtu wa benki. "Haki imetendeka."

"Hakimu kawanyoosha wale mashemeji!" alidakia Shadia, mwenye duka la vipodozi.

"Hukumu safi kabisa," alimalizia Elikana. "Nusura nipige makofi."

Asnath alikuwa na kitabu chenyewe mkobani. Humo mjane alishindwa kesi. Alivuta nakala ya Elikana, akafungua ukurasa wa mwisho. Hakimu alikuwa akivaa miwani ili asome hukumu, na hapo maandishi yakakomea. Alizifungua zile nyingine. Nazo zilikomea hapohapo. Aliyetoa kopi alikuwa ameruka kurasa za mwisho.

"Jamani, hukumu mnayoisifu haimo humu."

Shadia alicheka hadi akashika kifua. "Mimi nilisoma jalada tu, dada. Lilinitosha!"

"Kwani tumekuja kupumzika au kufanya mtihani?" Gasper alinung'unika.

Asnath hakuwasikiliza. Katika nakala ya Elikana, pembeni mwa mstari wa miwani ya hakimu, palikuwa na alama ya kuuliza, imekolezwa kwa penseli. Mtu aliyefika hapo na kuuliza hawezi kuisifu hukumu ambayo hakuiona.

"Elikana, alama hii umeiweka wewe?"

"Alama gani?"

"Basi nani amesoma nakala yako?"

Elikana alijikuna shingo. "Labda Leonida, mke wangu. Huwa anaishikashika akitoka zamu."

"Mbona hujawahi kuja naye?"

"Yule ni muuguzi, dada Asnath. Hana muda wa kusoma."

"Hana muda na kaimaliza!" alisema Shadia. "Wewe mwenye muda umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa nne."

Walipouliza kama watakutana tena, Asnath alisema atawajibu akitoka kwa Elikana. Alama ya penseli ingeweza kuwa ya mtoto aliyechezea karatasi. Alipanda bodaboda, Elikana akatangulia na nyingine, hadi nyumbani kwao Kasingirima.

Leonida alikuwa uani, bado na sare za kazini, akichagua mchele. Alikiona kitabu mkononi mwa Asnath kabla ya kumwona mgeni mwenyewe.

"Hicho ndicho kizima?"

"Ndicho."

"Juzi nilikwenda kwa yule mtu wa steshenari kudai kurasa zangu. Ananiambia, 'Mama, wenzako wamechukua hivyohivyo, mbona hawajalalamika?'"

Elikana alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Unadhani mjane atashinda?" Asnath aliuliza.

"Atashindwa. Ile hati aliyoitoa mahakamani haitaji mpaka wa upande wa ziwani, na mashemeji wanalijua hilo. Lakini usiniambie!"

Pengo hilo Asnath naye alikuwa ameliona, akadhani ni kwa sababu ya kazi yake. Alimpa kitabu.

Leonida aliusogeza ungo wa mchele pembeni, akafunua mpaka alipoikuta miwani ya hakimu. Elikana aliuliza habari za chakula. Mkewe aliinua kidole kimoja bila kuinua macho.

Asnath alivuta kigoda, akaketi, akamsubiri afike mwisho.