Mji Uliochukuliwa Bila Jibu

Kwaruu, kwaruu, kwaruu. Chaki inakwaruza ubao mahali fulani, na Mwalimu Mhina, aliyelaza kichwa juu ya madaftari ya fizikia katika ofisi ya walimu pale Mombo, jua la saa nane likimchoma kisogo, anaisikia kabla hajaona chochote. Kisha anaona barabara. Ni barabara ya chaki, inachoreka mbele ya viatu vyake na kufutika nyuma yake, na kila mji anaoufikia ni Mombo, na akiipita Mombo anakuta Mombo nyingine iliyogeuzwa kama kwenye kioo, msikiti kushoto badala ya kulia, mlima upande usio wake, na hapo anaanza kushuku, maana mlima hauhami. Mbele yake anatembea mtu mwenye koti jeupe la maabara, dasta mkononi, na anapogeuka hana uso. Penye uso pamefutwa, limebaki vumbi.

Kitendawili, anasema mtu yule.

Tega, anajibu Mhina, na kifua kimemjaa, kwani ni swali gani la ulimwengu litakalomshinda yeye?

Nafungua mlango, ndani mlango.

Atomu, anasema Mhina. Na ndani ya atomu? Kiini. Na ndani ya kiini? Protoni, nyutroni, kwaki, anazitaja zote, anataja nguvu zinazozifunga, anataja mlipuko uliozizaa, na kila jibu ni sahihi, na kila mara mtu yule anauliza tu, na hilo nalo limetoka wapi, bwana mkubwa, mpaka Mhina anaishiwa. Bado tunatafuta, anasema kwa ukali, tutafika. Nani kakuuliza mtafika lini, anasema mtu yule. Umeshindwa, nipe mji.

Na Mhina anafanya kosa la utotoni, enzi za vitendawili jikoni kwa bibi, ambapo aliyeshindwa alitoa mji wowote na hakuna aliyeulilia. Chukua Handeni, anasema kwa dharau. Dasta inapita. Handeni haipo. Sauti za watu waliokuwa wakipatana bei ya mahindi zimekatika katikati ya neno.

Kitendawili, anasema tena mtu yule, na safari hii dasta imeinuliwa juu ya Mombo, na ndani ya Mombo, katika darasa dogo la chaki, amesimama Sauda, binti yake Mhina, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyeuliza asubuhi mbele ya wenzake: Mwalimu, kwa nini kuna kitu, badala ya kutokuwa na chochote kabisa?

Mhina anakataa kusema tega. Tapeli wee, anafoka, mchezo una sheria, ukipewa mji unatoa jibu! Umekula Handeni, jibu liko wapi? Hulijui hata wewe!

Silijui, anasema yule mtu kwa upole. Na wewe, asubuhi, ulilijua? Si ulimwambia sayansi imeshajibu, kaa chini, darasa likamcheka, akakaa? Ulichukua mji wa mtoto ukampa jibu gani?

Mhina analitazama lile koti. Mfukoni pana doa la wino mwekundu, doa la koti lake mwenyewe, la wiki jana. Dasta inashuka, paa la kwanza linafutika, Sauda anainua macho, na Mhina, ambaye kwa miaka kumi na miwili ya ualimu hajawahi kulitamka neno hilo, analipasua: Sijui! Sijui, wala simjui ajuaye! Dasta inasimama hewani.

Baba. Baba, amka, chai inapoa. Sauda yuko mlangoni na kikombe, amenuna tangu asubuhi. Kwenye ubao wa ukutani kuna ramani ya mkoa, mwalimu wa jiografia aliichora kwa chaki, na upande wa kusini pana doa jeupe, pamefutwa. Mhina anatazama viganja vyake: vumbi. Lakini mwalimu gani hana vumbi la chaki?

Sauda, anauliza polepole, Handeni iko wapi?

Binti anamtazama kama anayepima mtego. Handeni ndiyo nini, baba?

Huenda analipiza ya asubuhi. Huenda hatanii. Mhina anamshika mkono, anaubana kidogo kuhakikisha kwamba ni mkono, kisha anasema kwa sauti ya kufika hadi meza ya mwisho ya walimu wenzake: Kesho kipindi cha kwanza nitasimama mbele ya darasa lile lile, niseme kwamba swali lako sayansi haijalijibu, na kama italijibu siku moja, mimi sijui. Nakuahidi, mwanangu, hata kama bado naota.